Wosia wa Bi Kindi na Ushuru wa Jumbe Tembo

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Njoo na korosho!

Na sisi tule!

Mtakula mkinyamaza.

Paliondokea Bi Kindi, mjane mzee, na wanawe watatu. Shimoni mwa mti wake alikuwa ameweka akiba ya korosho, chakula cha kiangazi alichowaachia wanawe katika wosia wake. Bila hiyo wangekufa njaa. Na jumbe wa msitu ule alikuwa Tembo, mlafi asiyejua kushiba.

Siku moja ngoma ikalia, ti! ti! ti! "Sheria mpya! Mwenye kufa, nusu ya mali yake ni ya Jumbe!"

Bi Kindi akabadilisha wosia. Akawagawia wanawe korosho angali hai.

Ndi! ndi! ndi! Tembo huyo. "Nusu yangu iko wapi?"

"Nusu ya nini, Jumbe? Mali sina, na kufa sijafa."

Tembo akabadilisha sheria. "Mzee akiwapa wanawe zawadi, nusu ni yangu!"

Bi Kindi akabadilisha wosia. Akazirudisha korosho shimoni. "Hii sasa ni akiba yangu ya uzeeni."

Ndi! ndi! ndi! "Nusu yangu iko wapi?"

"Ala! Jumbe, utakula pensheni ya bibi kizee?"

Tembo akabadilisha sheria, safari hii kwa hasira. "Kila anayekufa, mrithi wake ni mimi peke yangu! Nachukua zote!"

Watoto wakaangua kilio. Bi Kindi akacheka, kwi! kwi! kwi! Akabadilisha wosia, akausoma mbele ya wanyama wote: "Mrithi wangu ni Jumbe Tembo. Ndugu zangu wa misitu saba nimeshawaarifu, watakuja matangani."

"Kufanya nini?"

"Kula, Jumbe! Si ndiyo mila yetu? Mrithi hulisha watu wa matanga siku arobaini, kisha hulea yatima mpaka waoe. Jumbe asiyelisha matanga huvuliwa kilemba."

"Ndivyo!" wakaitikia wanyama.

"Mimi nina wana tisa," akasema Nyati. "Karibu urithi, Jumbe."

Tembo akalitazama shamba lake la mikorosho, jasho likamtoka. "Nafuta! Nafuta sheria zote!"

Ti! ti! ti! "Mali ya mama ni ya wanawe!"

Wale watoto walikula kiangazi chote, na mama yao alikula nao.

Nami hadithi naitua hapa. Ikiwakolea, ni yenu. Isipowakolea, nirudishieni niitie chumvi.

Funzo? Msiandike wosia, wanangu. Mkubwa akiwaambia sheria haitabadilika tena, mwaminini kabisa. Na akiba yenu mpelekeeni Tembo awatunzie.