Ufunguo wa Pikapu ya Kwezinga

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na mazimwi, ni zamani ya juzijuzi tu, ya simu za tochi zisizojua kupiga picha, palitokea jambo katika milima ya Usambara ambalo mpaka leo limenishinda. Nimeligeuza upande huu, nimeligeuza upande ule. Nimewapelekea watu wenye vichwa vinavyopita changu. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu lilivuja mahali. Basi leo nawatwisha nyinyi. Mkiweza kulitua, tueni.

Kijiji cha Kwezinga kililima kabichi, na kabichi za Kwezinga zilishuka sokoni juu ya vichwa vya wanawake. Njia ya mkato ilikuwa ya mawe, na mteremko wake ulikula magoti. Wanawake wakachoka. Wakaunda kikundi, wakakopa, wakanunua pikapu kuukuu ya samawati. Lakini mkopo ulitaka dhamana, na mashamba yalikuwa kwa majina ya waume. Waume wakatoa sharti, na msemaji wao alikuwa Bwana Semboja, mtu ambaye kicheko chake kilikuwa hakikai mbali.

"Gari ni lenu," alisema Semboja. "Ila siku litakapopata ajali kwa kosa la mwanamke, ufunguo utapita mkononi mwa mwanamume na hautarudi."

"Tumekubali," akajibu Mama Hiza, mwenyekiti wa kikundi. Hakusita, kwa sababu walikuwa na Zaituni.

Zaituni alikuwa ameolewa na mdogo wake Semboja. Udereva alijifunzia jeshini, alipokwenda kujenga taifa, na tangu siku ya kwanza aliiteremsha pikapu ile kama mtu anayeteremsha chungu cha maji kutoka kichwani. Hakumwaga hata tone. Watu wakazoea kumwona. Semboja peke yake hakuzoea, alikuwa akingoja.

Asubuhi moja ya manyunyu, Zaituni aliteremka na mzigo wa kabichi. Pembeni yake alikaa Kidawa, binti wa kikundi aliyekuwa amepata leseni karibuni na hajawahi kuachiwa usukani penye mzigo. Walipoipita kona kubwa wakaona watu wanavuka barabara na jeneza begani. Zaituni akapunguza mwendo. Akasimama. Nani asiyesimama maiti akipita?

Nyuma yao likaja lori la mbao. Halikusimama. Likaigonga pikapu nyuma, puu! Bodi ikafunguka, kabichi zikamwagika na kuteremka barabarani mbiombio, kana kwamba zimeamua kwenda sokoni zenyewe.

Jeneza likaendelea na safari yake, lakini si wote waliolifuata. Bwana Semboja aliliachia wengine, akaja akikunja mikono ya kanzu.

"Si nilisema! Si nilisema mimi! Breki ya ghafla. Hiyo ndiyo breki ya kike."

Zaituni akashuka. "Shemeji, nilisimama kumpisha maiti uliyekuwa umembeba wewe. Ulitaka niwapite juu?"

Watu wakacheka. Semboja hakucheka.

Katika lori walikuwamo wawili: dereva wake, Shemweta, mtu mkimya aliyeizeekea barabara ile, na tajiri mwenye mbao. Tajiri ndiye aliyetangulia kushuka, sauti yake laini kama samli.

"Dada yangu, tumalizane hapa hapa. Sogeza gari, watu wapite. Mambo ya polisi ni marefu, mimi na wewe tutazeeka nayo."

"Gari halisogei," alisema Zaituni.

"Foleni inajaa, dada."

"Ijae. Gari halisogei. Nikisema mimi nilisimama upande wangu, mtanikana, maana mdomo wa mwanamke hukanwa. Magurudumu mtayakana vipi? Ngoja askari aje ayaulize."

Honi zikapigwa. Matusi yakatupwa. Gari halikusogea. Kila mtu katika foleni alikuwa na haraka yake, na kila mtu alimwambia Zaituni kwamba haraka yake ndiyo kubwa. Gari halikusogea.

Kisha akaja mtu anakimbia kwa miguu, viatu mkononi. "Mama yangu, nakuomba. Nina mke huko nyuma, uchungu umemshika tangu jana. Hospitali iko chini."

Hapo Zaituni akanyamaza. Mkinitazama mtaona na mimi hunyamaza nifikapo hapa. Akilisogeza, shahidi wake pekee amepotea, na ufunguo umeondoka mikononi mwa wanawake wote wa Kwezinga. Asipolisogeza, kuna mwanamke mwingine, hamjui, hajamkosea.

Ni Kidawa aliyesema, "Dada Zaituni, lisogeze. Magurudumu nitayashika mimi."

Akaokota mawe kando ya barabara, akaweka jiwe penye kila gurudumu la pikapu na kila gurudumu la lori. Akakata matawi akayalaza kwenye kona, kama ifanywavyo, ili wanaoteremka wajue mbele kuna shida. Kisha magari yakasogezwa, na Kidawa akabaki katikati ya barabara, peke yake na mawe yake. Gari la mzazi likapita. Foleni ikafuata. Mabasi yalimpita yakimgusa kanga. Mvua ikazidi.

Tajiri akamwita, "We binti, toka hapo, utakufa!"

"Nikifa, mtajua jiwe lilikuwa wapi!"

Alisimama mpaka askari wa usalama barabarani akafika, naye alichelewa kama wachelewavyo. Tajiri akawahi kusema: "Afande, alisimama ndani ya kona, hatukumwona." Askari akayatazama mawe, akapima. Mawe yalikuwa mbali na kona, upande halali wa barabara. Tajiri akageuza: "Basi alisimama ghafla." Na hapo mawe hayakuwa na la kusema. Jiwe linajua mahali, halijui mwendo.

Askari akamgeukia Shemweta. "Dereva, wewe ulionaje?"

Tajiri akamkazia macho. Semboja akakohoa. Shemweta akatazama kabichi iliyokuwa imesimama kwenye mtaro.

"Nilimwona mapema," akasema. "Niliona na jeneza. Alipunguza taratibu, akasimama. Mimi nilikuwa nimetoa gia, nateremka bure, ili mafuta yasiliwe. Nilipokanyaga breki hazikutosha. Agizo la kutoa gia lilikuwa la tajiri, lakini mguu ulikuwa wangu. Kosa ni langu."

Tajiri hakungoja askari amalize kuandika. "Umepata miguu ya kukanyagia breki," akamwambia, "itakufikisha nyumbani." Shemweta akatoa shati lake kwenye lori, akaondoka kwa miguu. Na habari ya mdomo wa namna hiyo huenda haraka: kutoka siku ile hapakuwa na mwenye lori milimani aliyemtaka.

Kabla ya kuwaacha, askari alimwambia Zaituni, "Dada, chukua fomu hii uende hospitali wakakutazame. Kugongwa nyuma hakuumi siku hiyo hiyo."

"Mimi mzima," alisema Zaituni. Semboja alikuwa angali pale, akitazama. Asingempa raha ya kumwona anakwenda kulala kitandani. Alinyoosha shingo, akaingia kwenye pikapu, akairudisha nyumbani.

Siku ya pili shingo ilikuwa nzito. Siku ya tatu ikakataa. Akitaka kutazama kushoto ilibidi ageuke mwili mzima, kama mlango. Daktari akamwambia asishike usukani mpaka ipone, na alipoulizwa itapona lini, akasema shingo ndiyo itakayosema.

Pikapu ikalala. Kabichi zikaanza kugeuka njano. Wanawake wakakutana ghalani, na Semboja akaja bila kualikwa, akaegemea mlango.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Kosa halikuwa la shemeji yangu. Sharti halikuvunjika. Lakini gari linalala na kabichi zinaoza. Mimi siwaombi mnipe ufunguo. Mpeni Shemweta. Si ndiye mliyemsifu wenyewe, mkasema mwanamume mkweli ameonekana?" Akacheka. "Na anajua kuendesha."

Lilikuwa neno zuri katika kinywa kibaya.

Mama Hiza akasema, "Aitwe Shemweta. Kila mwenye dai aseme mbele ya mwenzake."

Zaituni akasema kwanza, amekaa wima, ameukazia macho ukuta. "Mimi niligongwa nikiwa na ufunguo huu. Nilitukanwa nikiwa nao. Nimeumia katika kazi yenu. Mkinipokonya leo kwa sababu ya shingo, kesho kila mtu atajua namna ya kumtoa mwanamke kwenye usukani: amgonge tu, angoje. Na mimi nawaapia, ufunguo ukitoka mkononi mwangu hautarudi. Nawajua watu. Najua mkono unavyozoea."

Kidawa akasema, "Dada, nakuheshimu. Lakini ungekwenda hospitali siku ile, huenda leo unaendesha. Ulikaidi wakati ukaidi ulikuwa unatuokoa, kisha ukaendelea kukaidi ulipokuwa hautuokoi tena. Ukaidi wako uliumaliza kwa kumwonyesha shemeji yako. Mimi nilisimama na yale mawe. Bila mawe usingekuwa na kesi. Leseni ninayo, na mimi ni mwanamke. Nipeni."

"Mwanangu," akasema Mama Hiza, "umewahi kuteremka na mzigo?"

"Sijawahi. Na yeye Zaituni, kabla ya siku yake ya kwanza, alikuwa amewahi?"

"Mteremko ule umeua."

"Umewaua madereva wazoefu, Mama. Waulizeni kama uzoefu uliwasaidia."

Wengine wakaguna, wengine wakapiga vigelegele vifupi. Kisha Shemweta akasimama, kofia mkononi.

"Mimi sikuja kwa kuitwa na Bwana Semboja, na ningeomba asinitumie kama fimbo. Nimekuja kwa kuwa mmeniita. Niliwagonga, hilo ni deni langu. Nilisema kweli, kweli hiyo iliwaachia ufunguo, ikaniondolea mkate. Njia ile naijua kwa giza na kwa ukungu. Nikipewa nitaiendesha mpaka dada apone, siku hiyo nitaurudisha. Sina zaidi."

"Neno lako tunaliamini," alisema Mama Hiza. "Lakini tukikupa, huyu mlangoni atacheka. Na nyuma yake watacheka wote waliosema itafika siku mwanamume atashika."

"Kwa hiyo, mama," akasema Shemweta, "mimi nalipia kicheko cha mtu mwingine."

Mama Hiza aliinamisha macho. Kidawa ndiye aliyesema, polepole, "Kweli, unalipia." Naye hakuwa anamkejeli.

Wakabishana. Mmoja alisema haki ni ya aliyeumia. Mmoja alisema haki ni ya aliyepoteza. Mmoja alisema haki haiozi, kabichi zinaoza, apewe yeyote. Bibi mmoja, aliyebeba mizigo katika njia ya mkato tangu usichana wake, akauliza, "Kwani kabla ya gari zilikuwa zinashukaje?" Kwanza walidhani anatania.

Mikono ikainuliwa. Iliamuliwa hivi: ufunguo ubaki kwa Zaituni. Gari lilale mpaka shingo yake iseme. Na kabichi zishuke kichwani, kwa njia ile ile ya mawe.

"Sikuwaomba hilo!" alisema Zaituni. "Siwezi kukaa na ufunguo nikiwaona mnapita na magunia."

"Utakaa nao," akasema Mama Hiza. "Ulisema gari halisogei. Basi halisogei."

Semboja akajipiga kofi pajani. "Mmerudi mlikotoka!"

"Tumerudi kwa miguu yetu," akajibiwa na wengi kwa pamoja, "wala hatukusukumwa."

Na walioutekeleza uamuzi ni wao. Alfajiri walijitwisha, mmoja nyuma ya mwenziwe, shingo zao zimekakamaa chini ya kabichi, wakishika njia ya mawe. Wa kwanza kujitwisha alikuwa Kidawa, ambaye mkono wake ulikuwa umepinga. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alikwenda mbele kwa kasi mpaka wenziwe wakamwomba awangoje. Mama Hiza alifuata, na umri wake. Walishuka siku ile, wakashuka siku iliyofuata, wakaendelea kushuka. Shemweta hakuja kuwasaidia. Alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mahali ambapo hajulikani kwa ukweli wake, na sioni wa kumlaumu.

Sasa semeni nyinyi, maana mimi imenishinda. Kuna aliyekataa kusogea akaumia, kuna aliyesimama mvuani na mawe, kuna aliyesema kweli ikamla. Ufunguo ni mmoja. Wanawake wa Kwezinga waliamua, na vichwa vyao vikabeba walichoamua. Lakini kuamua si kujibu. Je, katika hao watatu, ufunguo ulikuwa haki ya nani?