Suruali ya Bwana Shemdoe

Siwema, fundi cherehani wa Korogwe, aliacha gemu za simu zilizonakiliwa kwa wizi siku Bwana Shemdoe alipofungua duka la gemu la mtandaoni. Unabonyeza, unalipa kwa simu, unacheza. Nani tena ahangaike na kopi zinazoganda katikati ya mechi? Lakini asubuhi moja gemu yake ya mpira, aliyokwisha kuifikisha fainali, ilitoweka kwenye simu.

Alimfuata Shemdoe ofisini.

"Shikamoo bosi. Gemu yangu iko wapi?"

"Yako? Wewe ulinunua ruhusa ya kucheza tu, na nimeifuta. Toleo jipya limetoka, nunua hilo. Masharti si ulibonyeza 'Nakubali' mwenyewe?"

"Kweli, sikuyasoma," Siwema alisema kwa upole. "Lakini masharti matamu haya! Na mimi ningeyatumia kwenye ushonaji."

"Tumia tu," Shemdoe alicheka. "Tena nishonee suti, mwanangu anaoa."

"Kwa masharti yako hayohayo?"

"Hayohayo! Ila usinibane tumbo."

Siku ya harusi Shemdoe alisimama jukwaani na suti inayong'aa, kipaza sauti mkononi, wakwe wote wameketi safu ya mbele. Siwema alipanda, akamnong'oneza.

"Bosi, ile ruhusa ya kuvaa suruali nimeifuta. Anza na mkanda."

"Mbele ya wakwe?"

"Masharti yako hayakutaja wakwe."

Shemdoe alibana kiuno cha suruali kwa kiwiko, akachomoa simu.

"Ndugu wageni," alitangaza huku jasho likimtiririka, "kabla ya hotuba, naomba dakika moja nimrudishie dada huyu gemu yake."