Jina Moja kwenye Ripoti

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya masika ya juzi tu, mwanamke aitwaye Mkamburi alimwambia mumewe apunguze moto, maharage yasiungue. Mume akapunguza. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameketi sakafuni, mkono kifuani. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Kufikia saa nane mchana mume alikuwa mgane.

Jina lake Mwakio, mwalimu wa chuo aliyestaafu. Kijiji chao kiko juu katika milima ya Taita. Zahanati iko chini, ng'ambo ya mto. Gari hufika kwa barabara ya juu tu, na ukilitaka sharti upande kileleni penye mtandao, upige simu.

Mwaka mmoja baadaye, mfuko wa hisani uliosaidia vikundi vitatu vya kijiji hicho ulipungukiwa fedha. Ungeendelea na kimoja, viwili vingevunjika. Mwenyekiti wa mfuko, Bi Nyambu, akamwendea Mwakio.

"Mwalimu, tukagulie. Utuambie kipi kibaki."

"Unajua siku ile vyote vitatu vilihusika."

"Najua. Ukikataa nitamleta mtu wa mjini, naye atakagua mafaili. Wewe kagua kazi. Ila usikague kilio chako."

Akakubali. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama amefanya vyema.

Akaanza na wabeba machela. Ahadi yao kwa mfuko ilikuwa hii: aitaye kwanza, abebewe mgonjwa wake kwanza. Siku ile Mwakio ndiye aliyeita kwanza.

"Tulikuwa tunakuja kwako mbio, Mwalimu," alisema Mwasaru, kiongozi wao. "Njiani tukamkuta binti wa watu kwenye matope, mtoto anatanguliza mguu. Tukageuka naye, tukavuka mto kabla haujajaa."

"Mliniahidi."

"Tulikuahidi. Na mama yu hai, na mtoto yule pale, anakula udongo kama analipwa."

Wenzake wakacheka. Kisha wakakumbuka ni nani aliyesimama mbele yao, wakainama kukaza kamba za machela.

Akaenda kwa wajenzi wa daraja. Ahadi yao: maji yakigusa mbao, lango lifungwe, asipite mtu. Siku ile, machela ilipokosa kufika, Mwakio aliteremka mwenyewe kumwita muuguzi wa zahanati. Akamkuta Kalaghe, mlinzi wa lango, amelifunga, ufunguo mfukoni. Sasa walikutana palepale.

"Nilikushika miguu, Kalaghe."

"Ulinishika. Na matusi ulinipa, ya Kiswahili na ya Kizungu."

"Daraja halikubomoka."

"Halikubomoka. Mwaka uliotangulia, kabla hatujaweka lango, mto ulisomba watu watatu. Wote walisema wana haraka. Mwalimu, mimi sina kipimo cha haraka. Nina kipimo cha maji."

Mwakio akaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Akaishia kwa wauguzi wa nyumbani, kwa Mama Wakesho. Ahadi yao: mgonjwa akizidiwa, mmoja wao apande kileleni aite gari. Asubuhi ile Mama Wakesho alifika bila kuitwa, Mwakio akitoka kwenda mtoni. Mwakio alimwambia neno moja tu: panda. Hakupanda.

"Kwa nini, Mama Wakesho?"

"Nilifika mlangoni. Mkeo akasema, usiniache."

"Gari lingefika."

"Huenda. Na huenda lingemkuta amekwisha, peke yake."

Mwakio akafunga daftari. Akalifungua tena.

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama umerudi. Nikamwambia bado. Akauliza tena." Mama Wakesho akaangalia mikono yake. "Mara ya pili nikamwambia umerudi, uko nje unavua viatu. Akatulia."

Hilo Mwakio hakuliandika. Alishukuru, akaenda nyumbani, akakaa na ripoti yenye kila kitu isipokuwa jina.

Kesho yake asubuhi aliandika jina moja, akatia sahihi, akatembea hadi ofisi ya mfuko. Bi Nyambu akasoma ukurasa wa mwisho, akasimama nao dirishani.

"Jina hili," akauliza, "limeandikwa na mkaguzi, au na mume wa Mkamburi?"

Mwakio akasema hajui. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Basi nanyi mliosikia, msiniulize mimi aliandika nini. Yuko Mwasaru, aliyevunja ahadi akaokoa wawili wasio wake Mwakio. Yuko Kalaghe, aliyeshika ahadi, asifungue. Yuko Mama Wakesho, aliyevunja ahadi kwa kuombwa na anayekufa. Mkononi mna kalamu, na nafasi ni ya jina moja. Je, mngeandika la nani?