Lenzi Iliyobaki Mezani

Wewe uliyekunja midomo hapo karibu na dirisha, ikunjue. Sijaanza hata kusema, na tayari unaniambia kwa macho kwamba bibi huyu aliishia darasa la saba, atajua nini habari za kamera. Najua pia utakachouliza nikifika katikati: mbona mtu wa hadithi yangu asitumie simu? Haya, simu alikuwa nayo. Ninyi nyote mnazo, na bado nusu yenu hamjui watoto wenu wameamkaje leo. Nyamaza basi usikilize. Ukishaona ni uongo, utaniambia.

Mtu mmoja alikuwa na kamera moja na lenzi tatu. Jina lake Mbonea, na studio yake ilikuwa Mwanga, chini ya milima ya Upare, chumba kimoja chenye pazia jeupe na stuli. Lenzi ya kwanza ilikuwa ndefu kama chupa ya chai. Hiyo huvuta vitu vya mbali vikaja mpaka puani. Ya pili ilikuwa pana, ya kumeza jengo zima na watu wake. Ya tatu ilikuwa ndogo, imebabuka rangi pembeni, na ndiyo iliyomlisha. Kwa hiyo ndogo alipiga nyuso za watu wa pasipoti na vitambulisho, wamekaa mbele yake karibu kabisa, masikio nje, kama serikali inavyotaka.

Mke wake alikufa mapema, akamwachia binti mmoja, Namsifu, ambaye alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa Mbonea. Binti akakua, akaenda nchi ya baridi kutunza wazee wa watu wengine. Kila Jumapili alipiga simu, ile ya kuonana, na kila Jumapili alicheka. Kisha akatuma tiketi: Baba, njoo utembee, uone huku kulivyo.

Mji mzima ulijua. Fundi viatu akaagiza picha ya mlima wenye theluji. Mchungaji akaagiza dari la kanisa kuu la kule, lile lililochorwa malaika. Mama yake Mbonea aliagiza kitu kimoja. Alisema, "Niletee uso wa yule mtoto. Karibu, kama unavyowapiga wa pasipoti. Kwenye simu ananichekea mno. Hakuna mtu mwenye furaha ya namna ile kila Jumapili."

Mbonea akasema atamletea, naye alikusudia. Huyu si mtu mbaya. Msije mkamchukia mapema mkajiona wasafi.

Sasa ndege ina kiasi chake cha mzigo wa mkononi, na lenzi haziwekwi kwenye sanduku la kutupwatupwa. Mbonea akauchukua mkoba mpaka duka la jirani, akauweka kwenye mizani ya sukari. Mshale ukapita kidogo. Akatoa soksi, ukapita bado. Akaitoa lenzi ndefu, akaishika mkononi, akauona mlima, akairudisha. Akaitoa ile pana, akawaona malaika, akairudisha. Akaitoa ndogo. Mshale ukakaa. Ilikuwa nyepesi kuliko zote, na ndani ya mkoba mlikuwa na viatu vya akiba vilivyoizidi uzito mbali sana, lakini viatu hakuvitoa. Alijiambia kwamba nyuso anazipiga kila siku; mtu hapandi ndege akavuka bahari kwenda kupiga masikio. Akaiweka juu ya meza ya studio, akaifunika kitambaa isiingie vumbi. Aliipenda, mnaona. Vitu vingi tunaviacha hivyo, kwa kuvifunika vizuri.

Namsifu aliomba likizo kazini ili amzungushe. Asubuhi alimwamsha kwa chai, akamfunga skafu shingoni kama mtoto, na mkoba akaubeba yeye. Wakafika mlimani. Mlima ulikuwa mweupe kweli. Mbonea akapiga magoti kwenye theluji, akalenga. Binti yake akaja akasimama mbele yake, mdomo umefunguka nusu, kama mtu aliyebeba neno tangu nyumbani.

"Sogea kidogo, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Unaziba mlima."

Akasogea. Kanisani akasogea tena.

Siku moja kabla ya kurudi, Mbonea akakumbuka ahadi. Chumba cha binti kilikuwa kidogo, kitanda na jiko mahali pamoja. Kwa lenzi ndefu alirudi nyuma, akarudi nyuma, mgongo ukapiga mlango, akaufungua akatoka mpaka kwenye korido, na bado alichopata ni sikio moja na ncha ya kitambaa cha kichwani. Kwa lenzi pana ilimbidi amsogelee, na uso wa mtoto ukaumuka kama andazi, pua imetangulia, macho yamekimbilia pembeni. Namsifu alipoiona picha hiyo alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho. Mbonea naye akacheka, akafunga mkoba. Machozi aliyaona. Alidhani ni ya kucheka.

Wewe wa dirishani, nakuona. Mbona asimpige nje, kwa ile ndefu, akisimama mbali naye? Angeweza. Lakini nje kulikuwa na mlima. Na simu? Alikuwa fundi. Kumpelekea mama yake picha ya simu kwake ilikuwa kama mpishi wa harusi kupeleka mkate wa dukani. Alikionea aibu kitu kidogo, akaona afadhali arudi mikono mitupu.

Akarudi. Akasafisha picha kubwa kubwa. Fundi viatu akapata mlima wake, mchungaji akapata malaika wake, wakashukuru, na mimi sisemi picha zilikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri sana. Kisha akampelekea mama yake. Bibi akavaa miwani, akazipitisha mapajani moja moja. Mlima. Dari. Mlima. Akainua macho akatazama nje ya mlango, ambako milima ya Upare ilikuwa imesimama kama siku zote.

"Milima ninayo," akasema. "Mtoto amekonda?"

Mbonea akainama kuzitazama zile picha. Alikumbuka nyufa za lile dari. Alikumbuka kivuli cha mlima kilianguka upande gani. Uso uliokuwa ukimwamsha kwa chai aliutafuta kichwani, hakuupata.

Akatoa simu, akampigia binti, sauti tupu bila kuonana. Akamuuliza kama amekonda. Namsifu akasema:

"Baba, si ulikuwa hapa?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Mbonea hakujitetea. Katika safari yote ile, hilo ndilo jema alilofanya, na alilifanya akiwa amesharudi nyumbani, amekaa sakafuni kwa mama yake. Alishika simu sikioni akatulia. Bibi akasogeza kiti karibu, akatega sikio. Na yule mtoto, alipoona ameachiwa nafasi na hakuna wa kumwambia asogee, akaanza kusema. Alichosema si chenu, sitawapa. Mjue tu kwamba alikisema chote, na kwamba siku hiyo hakucheka.

Siku hizi ukienda kupiga picha ya pasipoti pale Mwanga, jiandae. Mbonea anakaa anakutazama kwanza kwa macho yake mwenyewe, kamera iko mapajani, mpaka watu wanakasirika: "Baba, piga basi, gari litaniacha!" Hapigi mpaka amekuona. Wengine wameshahamia studio ya jirani. Wengine wametoka pale wakilia, wasijue ni kwa nini.

Nimemaliza. Lenzi ndefu ni nini na mlima ni nini, sitawaeleza. Mnavyo, na kuna mliokuja navyo mpaka humu ndani. Nawauliza moja tu, nikianza na huyu wa dirishani ambaye sasa midomo imemkunjuka yenyewe: yule uliyemwambia asogee kidogo, alikuwa amekuja kukuambia nini?

Usinijibu mimi. Mimi si mtoto wako. Nipisheni nipite. Simu mnazo, na mlango huu naufunga nikitoka, mpate kupiga.