Mbuzi wa Bi Mbodze

Paukwa!
Pakawa!
Basi tegeni masikio, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia.

Hapo zamani za kale, mbegu za mtama zilipotea ghalani. Mtu mmoja akasema aliona kivuli. Jumbe, mkuu wa kijiji, akamuuliza: kivuli hicho kilivaa kaniki, ile nguo nyeusi, sivyo? Akajibu labda. Jua halijatua, watu saba walikuwa wameiona kaniki kwa macho yao. Na mvaa kaniki alikuwa mmoja tu, Nyevu, mjane mwenye mtoto mgongoni.

Desturi ya kijiji kile ilikuwa kumfukuza mwizi wa mbegu kwa kutwanga vinu vitupu. Wanawake hutwanga mapigo arubaini, kijiji kizima kikihesabu. Hesabu ikikosewa, wanaanza upya. Ikitimia, mtu huyo hakanyagi tena kijijini.

Bi Mbodze, mkunga tunayemtaja hata leo, aliomba Nyevu asikilizwe. Watu aliowapokea kwa mikono yake walipotoka tumboni wakampuuza. Akangoja.

Pu! Moja. Pu! Mbili. Pu! Tatu. Macho yote kwenye michi. Mama mzima anafukuzwa pamoja na mwanawe, wao wanaogopa kukosea hesabu! Pu! Pu! Arubaini.

Bi Mbodze akasimama mbele yao. "Yule mbuzi aliyepita hapa katikati mkihesabu, kamba yake ilikuwa nyeusi au nyeupe?"

Mmoja akasema nyeusi. Mwingine akasema nyeupe, tena nusura imwangushe. Jumbe akakata maneno: nyeusi, aliiona vizuri.

"Hakupita mbuzi," akasema Bi Mbodze. "Nilipita mimi, na kiti chako kichwani. Hebu kaa, Jumbe."

Jumbe akageuka. Kiti hakipo. Kilikuwa mlangoni kwa Nyevu.

Watu wakainamisha vichwa. Nyevu akaenda taratibu, akakalia kile kiti, akamnyonyesha mtoto.

"Siinuki," akasema, "mpaka kila aliyesema aliniona aje aseme hakuniona."

Wakaja wote saba, mmoja mmoja. Jumbe, aliyeitaja kaniki kwanza, alikuja wa mwisho, akasema hayo akiwa amesimama.

Jicho lililotumwa kuhesabu huhesabu tu. Na kumbukumbu, wanangu, hukaribisha mgeni, kesho ikaapa kuwa ni mwenyeji. Kwa hiyo usimfukuze mtu kwa neno uliloazimwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiniuliza nani aliiba mbegu, sijui. Sikumwona.