Nzi Mwembamba wa Nyaguthii

"Unyoya wa kwanza huvua, wa pili hupamba." Mmeisikia leo ikisemwa kikaoni, mkaangaliana, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni, na huyo wa nyuma aweke simu mfukoni. Methali hii ilizaliwa mtoni, kwa wanawake waliofunga nzi.

Katika kijiji kimoja chini ya milima ya Nyandarua, wanawake walikuwa na kikundi cha kutengeneza nzi wa bandia. Ndoana huzungushiwa uzi na manyoya, samaki aitwaye trauti aione, adhani ni mdudu, aimeze. Wavuvi walitoka mbali kuja kununua nzi hao. Mwenyekiti alikuwa Mama Wangechi, mchapakazi, mkali kama pilipili. Nzi wake walijaa manyoya ya jogoo, wakapendeza kuwatazama.

Nyaguthii alikuwa mjane aliyejiunga mwaka ule, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Alichukua unyoya mmoja laini wa kwale, akauzungusha mara moja tu kwenye shingo ya ndoana, akakaza uzi. Basi. Wenzake walimcheka, wakasema huyo si nzi, ni kuku aliyenyonyolewa. Mama Wangechi aliona ni uvivu, tena uvivu wa kukiaibisha kikundi. Akamwambia mbele ya wote ajaze manyoya kama wenzake, la sivyo atoke.

Nyaguthii aliumia, lakini hakutetereka. Alikuwa amekulia kando ya mto ule akitazama wadudu wa majini, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyevaa koti. Akajibu kwa adabu kwamba mwamuzi wao ni samaki, basi waende mtoni.

Wakaenda wote. Mama Wangechi akafunga nzi wake mnono kwenye mshipi wa fimbo ya kuvulia, akamrusha, naye akaelea juu juu kama kizibo. Akarusha tena na tena. Trauti walionekana waziwazi kando ya mwamba, wala hawakujisumbua kugeuka.

"Lete huyo wako," akasema kwa hasira.

"Wangu nikimtumia, mtasema ni bahati," Nyaguthii akajibu. "Nipe huyo huyo wako, mama."

Akamshika nzi wa mwenyekiti, akamnyonyoa kwa kucha, unyoya baada ya unyoya, huku wenzake wameshika vinywa. Akaacha mzunguko mmoja tu, akamrudishia mwenyewe. Akamwelekeza arushe ng'ambo, kisha ayaache maji yambebe nzi.

Safari hii nzi alizama. Nyuzi chache za unyoya zikafunguka na kujikunja katika mkondo, kama miguu ya mdudu anayehangaika. Mara mshipi ukakaza, fimbo ikapinda, na Mama Wangechi nusura aingie mtoni na viatu vyake. Alipomtoa trauti majini, alimtazama nzi aliyenasa mdomoni mwake. Mkali alikuwa, lakini mwongo hakuwa.

"Sasa yale mengine niliyafunga ya nini?" akauliza.

"Ya macho yetu," Nyaguthii akasema. "Samaki alikuwa akingoja huu mmoja."

Mama Wangechi akawageukia wenzake, samaki bado mkononi. Akasema Nyaguthii haendi popote, na kesho wote watakaa chini awafundishe, yeye mwenyekiti akiwa wa kwanza.

"Na asiwepo tena wa kumcheka," akamaliza. "Unyoya wa kwanza huvua, wa pili hupamba."