Sakafu Bado Mbichi

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja. Hamumjui, kwa hiyo msianze kugeuka na kutazamana.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu. Binti akapata mimba akiwa bado nyumbani, mama akaona aibu, akamfukuza. Hasira hasara. Baada ya wiki mbili hasira iliisha, lakini binti alishakwenda mbali na simu yake haipatikani. Miaka sita! Chumba cha binti akakifunga, hata dirisha hakuthubutu kufungua. Akipika wali, anajikuta amepika wa watu wawili, kisha anakaa anautazama. Alitamani kumwona mwanawe mpaka kifua kikamuuma.

Siku moja binti akampigia jirani: "Mwambie mama nitapita Jumamosi asubuhi na mjukuu wake. Kama ataniruhusu."

Mama alilia kwa furaha. Kisha akafungua kile chumba, na uvundo ukampiga usoni. Mwanangu aingie humu? Akina baba, ninyi mnaodhani nyumba hujisafisha yenyewe, sikilizeni. Ukungu wa ukutani aliufuta kwa siki. Godoro alilinyunyizia magadi yale ya kupikia makande, akalianika juani. Masufuria akayasugua kwa chumvi na ndimu mpaka vidole vikawasha. Akachemsha karafuu na mdalasini ili nyumba inukie. Siku nne hizo! Hata hivyo Jumamosi alipoamka akanusa, akaona uvundo bado upo. Akapiga magoti, akamwaga maji, akaanza sakafu upya.

"Hodi!"

Jamani, sauti ya mtoto wako utaisahau?

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Tuingie?"

Kwetu hodi ina jibu moja tu, hata kwa mtu usiyempenda. Lakini mama alitazama maji yaliyotapakaa, akajitazama na kanga yake iliyolowa, akapaza sauti: "Subirini kwanza! Msiingie! Nyumba bado haijakaa sawa!"

Kisha binti akasema, "Haya, mama. Tumesikia."

Mama akadhani wamekaa kibarazani. Akakausha sakafu mbio mbio, akabadili kanga, akafungua mlango huku mikono ameshaitanua. Hakuna mtu. Jirani alikuwa amesimama uani kwake, mikono kichwani.

"Wamekwenda, dada. Yule mtoto kamuuliza mama yake, 'Bibi hatutaki?' Naye akamjibu, 'Bado ana hasira, mwanangu.'"

Mama akakimbia pekupeku hadi stendi. Basi lilishaondoka. Akarudi kwenye nyumba inayonukia kama ya harusi, akakaa chini. Sasa niambieni, alimsafishia nani?

Mnangoja niseme kwamba mgeni ni Bwana na sisi tufungue mioyo. Hilo mmelisikia mara nyingi na mkalala vizuri. Leo nauliza jingine. Jana kina mama wetu mlipiga magoti humu, mkaisugua sakafu hii kwa siki na ndimu. Mungu awabariki, inang'aa. Lakini yuko wapi yule binti wa kwaya tuliyemtenga kwa sababu ya ujauzito? Yuko wapi kijana tuliyemwambia aache kwanza pombe, ndipo aje? Walibisha hodi hapa. Sisi tukawajibu, "Subirini." Na mimi mchungaji wenu ndiye niliyetoka mlangoni kuwaambia. Nimewakumbuka mwaka mzima, na sijawafuata.

Mchana huu naanza na nyumba ya yule binti wa kwaya. Anayekuja nami avae viatu, njia ina matope. Na Jumapili ijayo, kina mama, mkikuta sakafu hii imejaa nyayo za watu, tafadhali, msifute.